Baiskeli Nyekundu Isiyo na Keria

Jumapili usiku

Singida nzima hakuna mwendesha baiskeli kama mimi. Nikipanda miamba ya Mgori, hata mbuzi wanasimama kutazama wajifunze.

Jana nilimwambia fundi mjini nataka baiskeli ya kupanda mlima na ya kumbeba mama kanisani, maana goti lake bovu na nilishamwahidi. Akanionyesha nyeusi, nzito, yenye keria.

"Hii ndiyo ya familia, dogo."

"Hiyo mpe babu yako," nikamjibu. Nikachukua nyekundu, ya gia, matairi manene. Keria haina.

Leo asubuhi mama katoka amependeza, mkononi kanga aliyoikunja ya kukalia. Akaizunguka baiskeli.

"Sasa mimi nakaa wapi, baba?"

"Kwenye usukani, mama!"

Hakucheka. "Basi, tangulia tu," akasema, akaanza kuchechemea.

Mlima wote wa kwenda kanisani niliupanda bila kushuka. Hakuna aliyeniona.

Kanisani nilimshikia nafasi mpaka ibada ikaisha. Nilimkuta njiani amekaa juu ya jiwe, kanga bado imekunjwa mapajani.

Baiskeli haina kosa. Aliponiambia nitangulie, nilitangulia kweli.