Laisini ya Frednand

Domi, nimerudi kutoka zahanati na aibu imenivaa.

Unamkumbuka Frednand, yule anayeuza dawa za unga gulioni Bugarama akiwa amevaa koti la daktari? Aliniambia Iteka wangu hakui kwa sababu amekosa laisini, asidi amino inayojenga misuli. Eti mwili hauwezi kuitengeneza, lazima uile, na ugali wa mahindi unayo kidogo mno.

Hapo hakudanganya. Ndiyo maana nilimwamini, mjinga mimi.

Nikampa gunia la maharage, akanipa kopo la unga wa laisini.

Gunia zima, Domi.

Jana nikaona kijiko kimoja hakitoshi, nikampa Iteka vitatu kwa mpigo. Mtoto ameharisha mpaka macho yakaingia ndani. Sasa hajambo, kanyweshwa maji ya chumvi na sukari.

Nesi akasoma kopo. "Hii si sumu, ila ukizidisha inavuruga tumbo. Nyumbani mnakula nini?"

Nikasema ugali na mchicha.

"Maharage je?"

Nikasema yote niliyatoa kununulia hilo kopo.

"Mama Iteka, laisini imejaa kwenye maharage."

Foleni nzima ilisikia. Bibi mmoja Mrundi, aliyevuka mpaka mwezi uliopita, akacheka hadi akakaa chini. Akasema, "Sisi tulikimbia risasi, maharage tukabeba. Wewe ulikimbizwa na nani?"

Nikamjibu, "Frednand."

Akafungua pindo la kitenge chake, akanimiminia viganja viwili vya maharage. Mkimbizi ndiye kanilisha, Domi. Nimeyapokea, na sasa hivi yanachemka.