Kifaru Mbele ya Wodi ya Wazazi

Jumatatu, 3 Machi
Mama watoto kapangiwa upasuaji Jumamosi. Mtoto kakaa vibaya. Mganga mkuu kaniambia nisiwe na wasiwasi, mimi niangalie jenereta yangu tu. Hiyo jenereta ndiyo inayonitia wasiwasi! Dizeli limebaki pipa moja.

Jumanne, 4 Machi
Hospitali iliomba mashine ya oksijeni. Leo limeingia trela — limebeba kifaru! Redio inasema wanaoidai nchi yetu wamekubali kutusogezea tarehe za kulipa, mradi tununue vifaru vyao. Kwa mkopo wao wenyewe! Kambi za jeshi zimejaa, hiki kimeegeshwa hapa, mbele ya wodi ya wazazi. Matroni kaanika mashuka kwenye mzinga. Yanakauka vizuri, sisemi uongo.

Alhamisi, 6 Machi
Wakaguzi wa wanaotudai wamefika. Wanataka kuona kifaru kikitembea. Hakina mafuta. Macho yote kwangu. Nikasema pipa ni la chumba cha upasuaji. Mganga mkuu kanivuta pembeni: tukikataa, mkopo hakuna, na mishahara hakuna. Nikamimina pipa zima, roho inaniuma. Kifaru kikaenda hadi chumba cha kufulia, kikarudi, kikavunja bomba la maji. Wageni wakapiga makofi.
Mama watoto sijamwambia. Nitaanzia wapi?

Jumamosi, 8 Machi
Umeme umekatika asubuhi hii, mama watoto yuko kwenye meza ya upasuaji tayari.
Nikachukua mpira na ndoo, nikafungua tangi la kifaru. Askari wa zamu kanizuia, mtu mpole tu. Eti kifaru ni mali ya wanaotudai mpaka tumalize kulipa, na vilivyomo ndani pia.
"Dizeli ni ya hospitali, afande. Nimeitia mwenyewe."
"Ikishaingia humo ni yao, kaka."
Akapiga simu kwa wakubwa zake, wakubwa wakawapigia wenye mali. Kule ni mapumziko, ofisi zinafunguliwa Jumatatu. Wameacha ujumbe. Kwa adabu kabisa!
Naandika nimekaa kwenye mnyororo wa kifaru. Matroni kachungulia dirishani: daktari keshanawa, anasubiri taa. Mama watoto ananiita. Naogopa, jamani.
Askari naye kamsikia. Kanigeuzia mgongo, anasoma bango la chanjo ukutani, neno kwa neno, kwa sauti. Bunduki bado mkononi. Nimeingiza mpira, nimevuta mara moja, mdomo wote dizeli.
Simu yake inaita.