Achia Mukono ya Majina Yako

Yaya yangu, mukubwa yangu, mutoto ya mama yetu,

Jambo kwako huko uliko. Sisi huku Kikula tuko, tunapumua. Bwana yangu, Papa Kaumba, anakusalimia. Angali anaenda kazi ku usine na kinga yake ya zamani, ile baiskeli, anarudia na macho myekundu, hajue kama nakuandikia. Mama mukwe anakusalimia, magoti ndiyo yanamusumbua, mudomo hapana. Mutoto yetu Kaumba anakusalimia, amekuwa murefu, suruali zote zimemukimbia miguu. Mama Béa, jirani yetu, angekusalimia sana, lakini juu yake nitakuambia mbele. Kunabakia Ngoie, ule mutoto alikuwa mu tumbo yangu siku tulikuzika, ule tulipatia jina yako, akakuwa majina yako. Salamu yake sijue kama nikupe. Labda munaonana kila siku.

Usicheke mwandiko yangu. Minye niliishia mu troisième primaire, darasa ya tatu tu, unajua. Hii karatasi imenikamata siku ine. Zamani ningekuja kukaa pembeni yako, ningekunong'oneza mu sikio, na weye ungeandika.

Nakukumbuka kule kanisani, ku kiti ya mwisho, karatasi ku magoti, mukono yako ya kushoto imekunjwa kama bawa ya kuku. Bamama bale bahajue kuandika banapanga mustari. Kila mumoja anainama, anakuambia maombi yake, weye unamuandikia, pasta ayaombee. Mama Béa aliomba bwana yake apate kazi mbali. "Mbali kabisa, yaya, andika Kolwezi." Ulicheka mpaka bic ikatoboa karatasi. Na chini ya kila ombi uliweka alama yako: kaduara, mukia murefu unashuka, halafu unapinduka kushoto. Minye sikuweza kusoma maneno yote, lakini ile alama ningeijua kati ya elfu.

Sasa sikia.

Ngoie iko mu première primaire, darasa ya kwanza. Kila siku Madame, mwalimu yake, anaandika ku tablo a, a, a, mustari muzima, batoto bafwate. Benzake banajaza. Kaye ya Ngoie, daftari yake, ilikuwa inarudia mweupe. Nikasema ni mutoto, vidole vingali lege. Halafu siku moja ya mvua Madame aliniita ku mulango ya darasa.

"Mama Ngoie, angalia. Nani anamufundisha hii ku nyumba?"

Ukurasa ilijaa. Mustari kwa mustari. Kaduara, mukia, kupinduka kushoto. Yaya, haikuwa ya kufanana. Ilikuwa ile ile. Hata pale ulikuwa unatuliza bic mbele ya kupinduka, pale wino inakuwa nzito, pale pia kreyo yake ilikuwa nzito.

Huyu mutoto hakukuona hata siku moja. Na karatasi zako hakuna yenye ilibakia. Kanisani balikuwa banazichoma kisha maombi, weye mwenyewe ulikuwa unashika kiberiti.

Nilimuambia Madame ni muchezo tu. Nikarudia nyumbani, njia yote naangalia nyuma yangu. Nikamuuliza mutoto, "Ngoie, mbona hauandike a?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Madame anakimbiaka. Huyu anangojaka."

"Huyu nani?"

Akanishangaa, kama vile nimemuuliza jina ya baba yake.

Hapa ndiyo zambi yangu. Ningemukataza. Sikumukataza. Miaka hii yote, yaya, hakuna muntu wa kumunong'oneza. Ilikuwa muchana, Kaumba iko ku masomo, mama mukwe amesinzia ku mukeka, mvua inapiga mabati. Nikatwaa bic, nikaiweka mu mukono yake ya kushoto. Nikainama. Sikio yake ilikuwa baridi kama sahani. Nikasema ile neno yenye ilikuwa inanilemea mu roho. Kama ni weye kweli, uliisikia, sina haja ya kuirudilia.

Ngoie akaandika. Hakuangalia karatasi, aliangalia mulango. Akafika chini, akaweka alama, akasema, "Wa kufwata."

Vile vile ulikuwa unabaita bamama kanisani. Na sauti ile ya kuchoka.

Na wa kufwata alikuwa pale. Mama Béa alikuja kuomba makala ya moto, akasimama ku mulango, mukono ku mudomo. "Yaya Ngoie amerudia!"

Kesho yake bamama batatu balikuwa mu kiwanja. Keshokutwa mustari ilifika ku barabara. Balileta mayai, bunga, samaki za ziwa Tshangalele mu gazeti. "Muache atuandikie kidogo, mama, mutoto iko na zawadi." Zawadi gani? Mutoto wa miaka sita, meno ya mbele moja ilitoka juzi, anapokea mu sikio uchungu ya bantu wazima. Anaandika hapa, anaandika pale, kisha hawezi kushika hata kijiko. Na ku masomo, a moja hana.

Nilivumilia, Mungu anisamehe, juu nilikuwa nafurahi kusikia jina yako mu kiwanja. Mpaka ile siku nilimuita akuje kunawa. "Ngoie!" Hakugeuka. "Ngoie!" Hapana. Nikafunga macho nikasema polepole, "Yaya."

Akaitika.

Siku ile ile nilifunga mulango ya kiwanja na munyororo. Nikafukuza bote. Mama Béa akapiga kelele toka inje: "Unaficha yaya yetu mu nyumba kama sukari! Muchoyo weye!" Nikamujibu, "Ombi yako ya Kolwezi ilishajibiwa, bwana yako alienda na hajarudia, unatafuta nini tena?" Tangu pale hatusalimiane.

Mama mukwe anasema kosa ni ya zamani. Alinikatazaka: "Hiyo jina ingali moto. Ngoja kilio itoshwe, matanga iishe, ndiyo umupe mutoto." Minye, juu ya uchungu, niliitaja kwa infirmière mwenye kunizalisha, wakati bantu bangali banalala chini mu kilio yako. Sasa anataka tufunge mukono ya kushoto na kitambaa. Madame amekataa: "Mukono haina kosa, mama. Geuza kaye kidogo, ukae naye." Lakini amenionya pia: kama mbele ya Pasaka hajaandika jina yake mwenyewe, atamurudisha kwa batoto badogo ba maternelle.

Basi tunakaa, minye naye, kila siku kisha masomo. Minye naandika ya kwangu yenye kupinda, yeye ya kwake. Jana alipata N. Moja tu, imelala kama muntu wa homa. Nilitaka kuruka. Halafu chini yake akaanza kaduara. Nikaweka kidole yangu pale, ku karatasi. Kreyo ikazunguka kidole yangu mara moja, mara mbili, ikakaza. Ile nguvu, yaya, haikuwa ya mutoto.

Sikukasirikie. Ni minye nilikuita, mara ya kwanza na jina, mara ya pili na bic. Siku ya yenga, ile ya kanisa, kisha ibada, tutakuja ku kaburi yako na Ngoie. Mama mukwe ametayarisha pemba, ule udongo mweupe, ya kumupaka ku paji ya uso. Tutamuita jina yake mbele yako, vile ingefanyika toka mwanzo, na tutakuambia: huyu ni huyu, weye ni weye, muko wawili. Nakulomba umuachie. Aandike mubaya, aandike polepole, lakini aandike yeye.

Ulale muzuri, mukubwa yangu. Nakuahidi hakuna muntu atainama tena ku sikio ya huyu mutoto, hata minye, hata siku uchungu itanishinda. Yenye iko mu roho yangu nitakuandikia na vidole yangu, kama hivi, hata inikamate siku kumi.

Nijibu mbiyo, yaya, Pasaka iko karibu. Kuya mu ndoto yangu, ao angusha sufuria, ao piga mabati siku haina mvua, nitajua ni weye. Lakini jibu yako usiipitishe mu mukono yake.

Mudogo yako,
Mama Kaumba