Jeti Kubwa ya Kabati

Kilungu, 3 Machi 2024

Kwako Baba,

Habari za Kabati? Na masikio? Ningepiga simu, lakini ungesikia nusu na kukasirikia nusu nyingine, kwa hivyo naandika. Sisi tu wazima, baridi tu.

Kabureta uliyomtengenezea mume wangu Mwau ilifika. Huku milimani pikipiki inakohoa na kutoa moshi. Nimekufungia plagi kwa karatasi uisome. Jumatatu ya Pasaka kuna mashindano ya pikipiki huko chini kwenu Tulia, na mshindi anapewa mbuzi watatu. Unajua anawataka wa nini.

Binti yako,
Kalunde

Kabati, 9 Machi 2024

Kwako Kalunde, uliyebeba jina la mama yangu,

Salamu nyingi. Masikio yamekufa kabisa, macho bado yapo. Plagi ni nyeusi tititi: petroli imezidi hewa. Huko juu hewa ni nyepesi. Toeni jeti kubwa, kile kipande chenye tundu la kupitisha petroli ndani ya kabureta, mnirudishie, mfunge hii ndogo niliyoweka ndani ya bahasha.

Lakini sikia vizuri. Ndogo ni ya milimani peke yake. Huku chini hewa ni nzito, injini itakosa petroli, na oili yake imo ndani ya hiyo petroli. Itachemka na kushika, igome kuzunguka, akiwa kwa kasi. Kabla ya Tulia, Mwau apite kwangu nimfungie kubwa.

Babako,
Mbuvi

Kilungu, 20 Machi 2024

Kwako Baba,

Natumaini u mzima. Pikipiki sasa inaimba, plagi ni rangi ya chai. Mungu akubariki.

Tafadhali mpe dereva wa matatu jeti kubwa atuletee. Mwau anaona haya kuja. Miaka minne tunaishi pamoja na hajaleta mbuzi watatu wa ntheo, kwa hivyo kwako bado si mume wangu. Anasema hawezi kukanyaga boma lako mikono mitupu.

Binti yako,
Kalunde

Kabati, 26 Machi 2024

Kalunde,

Mimi mzima. Sitatuma. Jeti iko ndani ya kopo, juu ya meza ya kazi. Aliyeweza kuchukua binti yangu anaweza kuingia langoni. Aje, sitamla.

Babako,
Mbuvi

Kilungu, 28 Aprili 2024

Baba,

Sijui nikuulize nini kuhusu afya. Mwau tulimzika na hukuja.

Rafiki yake Nyamai alikuwa naye. Anasema walisimama nje ya lango lako asubuhi ya mashindano kama dakika kumi, pikipiki ikinguruma. Ulikuwa umeinamia meza, umewapa mgongo. Mwau akasema, “Wacha tu. Nitarudi jioni na mbuzi.”

Huko Tulia alikuwa anaongoza. Penye barabara imenyooka injini ikashika, gurudumu la nyuma likajifunga, akarushwa.

Plagi ni hii. Soma.

Kalunde

Kabati, 5 Mei 2024

Kalunde mama yangu,

Nimesoma. Ni nyeupe kama chokaa: injini ilikosa petroli.

Nilijua jeti ile ndogo itafanya nini, na bado nikaificha kubwa ndani ya kopo kwa sababu ya mbuzi. Asubuhi ile nilikuwa nimeitoa. Nilikuwa naisafisha, nikimngoja. Sikusikia kitu. Nimemuua mtoto wa watu kwa kiburi, na sikuja kuzika kwa sababu ya aibu.

Jumamosi nitakuja. Sina haki ya kuingia kwako, nitasimama nje ya lango. Ukiniita sitasikia. Ukipenda, njoo unishike mkono.

Babako,
Mbuvi