Mbale Sabuni Haitoi Povu

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi mjukuu wako ametumbukiza mkono ndani ya birika, akabandua kipande cha gaga jeupe lililoganda humo, akakitia mdomoni. Alidhani ni sukari. Nilipomfikia alikuwa amekunja uso, ulimi nje, ananitazama kama mimi ndiye niliyemdanganya. Sijui nilicheka au nililia. Sukari yenyewe mtoto huyu ameisikia ikitajwa zaidi kuliko alivyoionja, basi kila cheupe kwake ni sukari.

Pokea salamu zetu, Mama. Tuko wazima wote watatu, mimi, mkwe wako na huyu Salima mla birika. Na wewe je? Mgongo unakuacha ulale? Ule mlango wa nyuma uliovunjwa siku zile za vita, fundi alikuja au bado unaegemeza meza? Nijibu kweli, usiniambie mambo mazuri tu.

Naandika mbio mbio. Baba Nafula, yule dereva Mkenya uliyempa maneno yako, anapakia vitunguu hapa nje na leo hii anashuka Jinja. Safari hii mkewe, Mama Nafula, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anakwenda naye. Ndiyo maana nahangaika. Wamesema Salima anaweza kupakatwa na Mama Nafula mpaka kwako Mafubira, kama ulivyoagiza. Tangu asubuhi nimefunga nguo za mtoto kwenye kanga, nikafungua, nikafunga tena. Mkwe wako alinitazama akaenda zake kazini. Alisema tu, "Mimi nikisema aende utalia, nikisema abaki utalia. Amua wewe, mimi nitabeba mzigo."

Ngoja nikueleze vizuri habari ya maji, maana naona Baba Nafula alikufikishia nusu nusu.

Siku tulipokuja kuangalia nyumba hii, mwenye nyumba alituzungusha akisifu. Mabati mazima, choo karibu, bomba uani. Halafu akasema, "Lakini maji ya hapa ni ngumu kidogo." Mimi nikaelewa maji ni shida kupatikana, yanakatika. Nikamsukuma mkwe wako tukanunua madebe makubwa ya kuhifadhia, tukayabeba mjini kote watu wakitutazama kama wachuuzi wa mafuta. Asubuhi yake nafungua bomba, maji yanaruka mpaka miguuni! Nikajaza madebe, nikajaza masufuria, nikajaza hata beseni la mtoto, nikimcheka yule mzee moyoni.

Kumbe ugumu wenyewe uko ndani ya maji. Unasugua sabuni, hakuna povu. Unasugua tena, inatoka kitu kizito kinachoelea kama mtindi uliokatika. Mama Nafula alichungulia karai langu siku ile akaita uani kote, "Njooni muone, Mama Salima amekamua ng'ombe kwenye karai!" Nilikasirika sana. Baadaye alikuja akaniletea kitunguu, tukacheka wote wawili, na tangu hapo ndiye mtu wangu.

Lakini Mama, wewe unajua sabuni inavyopatikana siku hizi. Tunapanga foleni tangu kiza kwa nusu mche, na nusu mche ule ule uliokuwa unanitosha Jinja kwa siku nyingi, hapa maji yanaula mara moja. Nguo nyeupe zimekuwa rangi ya majivu. Ukianika shati linakauka limesimama, kama lina mtu ndani. Chai ina utando juu. Maharage yanachemka tangu asubuhi mpaka mkwe wako anarudi, bado yanagonga meno. Siku moja alitafuna pole pole akaniuliza kwa upole, "Haya umeyapika au umeyaogesha?" Sasa natia magadi kidogo, yanalainika.

Nepi za Salima ndizo zilizoniumiza. Zilikuwa zinakauka ngumu kama gunia, zikamchubua mapajani na nyuma ya magoti. Akawa anajikuna mpaka damu. Nilimpeleka kwa nesi, akasema si ugonjwa, ni sabuni iliyobaki kwenye nguo, suuza vizuri. Nikamwambia, nesi, nasuuza kwa maji yale yale yanayoigandisha. Akanitazama, akaita mtu mwingine.

Ndipo ukasikia wewe, ukaleta neno: mleteni mtoto kwenye maji ya ziwa, atapona.

Na mimi nilitaka, nisikufiche. Nakumbuka maji ya kwetu yalivyo laini, sabuni inateleza mkononi mpaka unaikimbiza. Na si maji peke yake. Hapa bado sijakaa vizuri. Sokoni niliuliza bei ya nyanya kwa Kiswahili, mama mmoja akaniambia mbele ya watu, "Wewe unataka kununua ama kunyang'anya? Zamani nyinyi watu wa askari mlichukua bure." Nyanya, Mama! Mimi niliyekuwa msichana tu wakati huo. Niliondoka bila nyanya, masikio yanawaka. Sasa Mama Nafula ananifundisha kusalimia kwa lugha yao, nasema mulembe, nanyoosha kidole, nalipa, narudi nyumbani kuongea. Naamka nikitaka kurudi Jinja, jioni nataka kukaa. Mkwe wako akitaniwa na wenzake naye anacheka nao, mimi siwezi bado.

Lakini kazi yake inakwenda. Kiwanda kilichoporwa wakati wa vita wanakifufua, na unajua amepewa kazi gani? Kukwangua mabomba. Yameziba kwa magaga haya haya ya birika langu. Anarudi na nywele nyeupe kama mzee, Salima anamkimbia. Kwa hiyo maji yanayonila sabuni ndiyo yanayotulisha. Nilipomwambia hivyo alisema nisiyatukane basi.

Na mwezi huu ametengeneza mfereji. Ile mifereji ya zamani ya paa iling'olewa na waporaji, mvua ikawa inamwagika ovyo. Alipasua madebe yangu mawili, yale yale ya kicheko, akayanyoosha kwa nyundo, akayafunga ukingoni mwa bati kwa waya. Umepinda kidogo, lakini maji ya mvua yanaingia kwenye pipa. Sabuni inatoa povu, Mama! Mara ya kwanza nilimwita Mama Nafula aje aone, nikampaka puani. Nepi nasuuza kwa maji hayo tu, na Salima nyuma ya goti moja ngozi imefunga kabisa. Lingine bado, lakini hajikuni tena usingizini.

Sasa nifike kwenye jibu, maana nasikia turubai linafungwa.

Jana Baba Nafula alipokuja kuuliza kama mtoto anakwenda, nilimwuliza ulisema nini hasa, neno kwa neno. Akajikuna kichwa. Akasema, "Alisema ngozi ya mtoto. Lakini aliniuliza mara mbili kama ameanza kumwita bibi yake Haboba. Halafu aliniwekea chai, akakaa kunitazama nikinywa mpaka ikaisha. Mama Salima, nyumba ile ni kimya sana."



Mama, simtumi Salima. Nisamehe. Hajawahi kulala pasipo mkono wake shingoni mwangu, na mimi sijawahi kulala pasipo huo mkono tangu azaliwe. Lakini sitaki ukae peke yako ukisikiliza mlango wa nyuma. Njoo wewe. Mkwe wako amekubali, nilimwuliza alfajiri kabla sijaanza kufungafunga kanga, akasema chumba cha mbele ni chako, yeye atapata pa kuweka baiskeli. Safari ijayo Baba Nafula atakupakia mbele, kwenye vizuizi vya askari anajulikana, hawamsumbui. Salima ameanza kuita Haboba. Anamwita kuku, lakini anaita.

Najua utakavyosema: "Baba yako akirudi atakuta pamefungwa." Hujawahi kusema kwa sauti, ila mimi najua kwa nini hutoki ile nyumba. Tangu Baba aondoke na askari wenzake kwenda kaskazini wakati askari wapya wanaingia, umekuwa ukiacha taa barazani. Sisemi usimngoje. Nasema umngojee huku, pamoja nasi.

Nisalimie shangazi, mwambie ile sindano ya kusukia naitumia kila Ijumaa. Nisalimie yule mzee muuza mihogo wa mbele ya nyumba, na mke wa imamu aliyenifundisha kuandika haya unayosoma. Nisalimie na binamu yangu aliyezaa, mwambie anifungie nguo ndogo ambazo mtoto wake ameziacha, huku hazipotei.

Ni mimi mwanao nikupendaye, nikikuwazia kila siku,
Zuhura, Mama Salima.

Mama, ngoja. Baba Nafula anapiga honi, nimemwambia dakika moja. Ufunguo mwachie yule mzee wa mihogo, yeye hahami. Na umpe maneno haya ayashike, Baba akitokea amwambie. Apande gari mpaka Mbale mjini. Akishuka asiulize watu sokoni, aende moja kwa moja msikitini, mwadhini anatujua. Aseme anamtafuta Zuhura wa Jinja. Asiogope kusema jina lake mwenyewe, pale hakuna ubaya. Mwadhini atamtoa kwa mlango wa nyuma, atashika njia ya Nkoma, atapita mahali wanapochomelea vitanda vya chuma, na akiona uzio wa bati jekundu akate kulia, halafu nyumba yetu ni ile ya mfereji wa madebe uliopinda.