Gome Nililokutumia

Munje, Msambweni
14 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeamka vyema na kifua kimekuachia upumue. Mimi ni mzima, ila usingizi umekuwa haba. Sikupiga simu kwa kuwa Duncan, anayekushikia simu hapo nyumbani, huweka sauti nyumba nzima isikie, na haya ni yako peke yako.

Ofisini walinipa kazi ya kuorodhesha miiko ya kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio nyuma ya kijiji. Fomu ina safu tatu: mwiko, sababu, adhabu. Aliyeniingiza ni Bi Kahaso, mmoja wa walinzi wake. Alinivua viatu, akanifunga kaniki kiunoni, akanitania kwamba makarani wa bara hutembea kama wanaokanyaga mayai. Nje kulikuwa na jua la saa sita na kelele za pikipiki. Ndani, hatua kumi tu, nilisikia jani likitua. Miti ilisimama kama watu waliokatiza mazungumzo kwa sababu mgeni ameingia.

Alinitajia miiko: usipaze sauti, usikate, usitoe kitu, hata kijiti kikavu. Nikauliza sababu. Akasema niandike mwiko, basi. Nikamwambia mkubwa wangu hapokei fomu yenye nafasi tupu. Je, niandike kwamba maana yake ni marufuku? Akacheka, akasema marufuku ni ya askari, naye askari huenda kula. Kisha akasema taratibu:

"Mwanangu, ukiandika sababu, mtu ataipima aone kama inamhusu. Mwiko haupimwi."

Niliyaandika maneno hayo vizuri. Kisha nikapima.

Mama, lile gome nililokutumia kwa basi Jumatatu sikulinunua Ukunda kama nilivyokwambia. Bi Kahaso alikuwa amenionyesha mti ambao zamani ulitibu vifua. Alipogeuka nikabandua kipande, nikakificha katikati ya fomu. Nilijiambia kwamba wao wana msitu wao, mimi nina mama.

Hakuna aliyeniona, wala hakuna kilichonipata. Lakini kila asubuhi Bi Kahaso aliniuliza hali ya kifua chako, na jana nikashindwa, nikamweleza. Hakufoka. Aliketi mchangani, akauliza jina lako na kwenu. Kisha akavua viatu, akasimama ukingoni mwa msitu, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayempasha jirani habari, kwamba kitu chao kiko Kimilili, kwa Everline, mgonjwa, na kwamba kitarudi. Akangoja. Nikangoja naye. Siwezi kuapa, Mama, lakini sikuhisi kwamba tulikuwa wawili tu.

Tafadhali usilichemshe. Kama umeshalichemsha, niambie ukweli na unitumie lililobaki, hata makapi. Dawa za hospitali usiziache. Fomu nitaipeleka kesho. Safu ya sababu ni tupu, na kwenye adhabu nimeandika jina langu.

Wasalimu wote hapo nyumbani. Bi Kahaso naye anakusalimu sana. Anasema upone, maana sasa huku unajulikana.

Ni mimi binti yako,
Nafula