Stambuli Wawili

Kinole, 3 Machi 1909

Kaka Pazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mgongo unanisumbua. Wewe na wifi hamjambo?

Jumbe anataka vijana wote wakachimbe barabara. Nikamwonyesha mwanangu Stambuli pale mkekani, miguu imenyauka tangu utotoni. Akasema anataka cheti cha Boma. Basi vijana wanamleta kwako kwa machela. Wewe ndiye mjomba, mwenye mtoto, simama naye. Mwenyewe anasema Kanubhai wa dukani akimpa kazi ya kushona, harudi huku kulinda kuku.

Dada yako,
Mwaisha (kwa mkono wa mwalimu Mwinjuma)

Morogoro, 19 Machi

Dada Mwaisha,

Marahaba. Sisi wazima, wifi yako anakusalimu.

Daktari kamgusa miguu, akatoa cheti kwamba asichukuliwe barabarani. Karani aliuliza baba yake nani, nikasema mimi. Ningesema nani? Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, Salum ni mumeo tu. Kanubhai kampa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Anajishaua hapo barazani utadhani duka ni lake. Ila Kanubhai kasema bila cheti hamweki.

Kaka yako,
Pazi

Kinole, 8 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mgongo umepoa, sasa kinauma kichwa.

Jumbe karudi. Anasema Stambuli wa Pazi, kiwete, amesamehewa. Sasa anamtaka Stambuli wa Salum, maana ndivyo alivyomhesabu zamani, kwa jina la mume wangu. Nikamwambia ni huyo huyo. Akasema Boma linajua wawili, na huyu mzima namficha. Nimezaa mmoja, kaka. Au nimesahau? Asipotokea kabla mwezi haujaandama, Salum anafungwa. Nenda ukawaeleze.

Dada yako,
Mwaisha

Morogoro, 15 Aprili

Dada,

Marahaba. Pole na kichwa, changu nacho kimevurugika.

Karani anasema nikimkana Stambuli, cheti ni cha uongo, kitachanwa, naye atapelekwa barabarani na mimi nipigwe viboko. Nikishikilia ni wangu, basi yule wa Salum atafutwe. Nikaomba daktari amwone tena. Akasema daktari alishamwona. Nimerudi nyumbani, kofia nimeisahau huko. Sijui niseme lipi, naogopa. Stambuli sijamwambia. Anashona kaptula za watu wa barabara. Nijibu upesi.

Kaka yako,
Pazi

Kinole, 2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mimi nipo tu.

Usiende tena Boma. Jumbe alipoita Stambuli wa Salum, Salum mwenyewe akaitika. Na mvi zote zile. Jumbe akamtazama, akakohoa, akaita jina linalofuata. Hesabu yake ilikuwa imetimia.

Nilimfuata Salum hadi mtoni nikilia. Nikamwambia mtoto si wa ukoo wako, mwache mjomba wake ahangaike. Akasema, "Ukoo ni wenu, sina neno. Miguu ni yangu."

Miaka yote nilimwomba Mungu mwanangu apate miguu. Sasa anayo, iko barabarani, na sijui nishukuru au nilie.

Mwambie Stambuli kaptula moja aishone ya mtu mzee, pana kiunoni.

Dada yako,
Mwaisha